Swichi ya gitaa la umeme: namna inavyochagua sauti na namna ya kuiunga upya

Jumamosi moja jioni, tukiwa tunamalizia kipindi cha salamu, mlinzi alitupigia kutoka getini kwamba kuna mgeni ana gitaa. Alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka kijiji kilicho mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi. Tulimwamkia, "Shikamoo mwalimu," akaitika, "Marahaba wanangu," kisha kabla hata ya kukaa akafungua kanga aliyokuwa amelifungia gitaa. Kwaya yake ilikuwa ije kwetu kurekodi Jumatatu. Gitaa lilikuwa limeanza kukata sauti kila swichi inaposukumwa upande wa shingo, hivyo fundi redio wa sokoni akalifungua na kung'oa nyaya zote kwenye swichi ili aisafishe. Kusafisha alisafisha. Kurudishia ndiko kulikomshinda, kwa sababu hakukumbuka waya upi ulitoka mguu upi, akakisia. Gitaa likawa linanguruma kama jenereta la mbali, noti haitoki hata moja.

"Wanangu, hili si langu," alisema mwalimu. "Ni la kwaya nzima. Tumelichangia misimu miwili ya pamba."

Fundi wetu wa mitambo alilimaliza kwa muda usiofika saa moja, bila kununua kifaa chochote. Tulipolieleza jambo hilo hewani, ujumbe ulianza kuingia kutoka kwa kwaya nyingine, vijana wa bendi na mafundi redio wenyewe, na wengi waliomba maandishi. Wana haki. Redio ikishasema imesema, na aliyeshika bisibisi hawezi kuturudisha nyuma. Basi haya hapa maandishi. Yahifadhi kwenye simu, utayahitaji siku ambayo mtandao haupo.

Kinachofanyika chini ya nyuzi

Vile vipande virefu vilivyolala chini ya nyuzi za gitaa vinaitwa pikapu. Si gari la mizigo, ingawa kazi yake nayo ni kubeba. Ndani ya kila pikapu kuna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliosokotwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye ule waya. Umeme huo ndio unaopita kwenye swichi, kwenye voliumu, kwenye jeki, mpaka kwenye amplifaya.

Gitaa huwa na pikapu mbili au tatu kwa sababu uzi hautikisiki sawasawa kila mahali. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia chini, mtikisiko ni mfupi na mkali, hivyo pikapu ya hapo hutoa sauti ya kukata, inayosikika hata tumba zikipigwa kwa nguvu. Karibu na shingo mtikisiko ni mpana, sauti inakuwa nene na ya upole. Katika bendi zetu za dansi, mpiga solo na mpiga rizimu wakichagua pikapu ileile, magitaa yao hugongana na msikilizaji hawezi kuyatofautisha. Mmoja akienda upande wa daraja na mwingine upande wa shingo, kila mmoja anapata nafasi yake. Tunayaona haya kila tunaporekodi bendi, na mara nyingi tunamaliza ugomvi wa sauti kwa kusogeza swichi moja tu, bila kugusa mashine za studio.

Swichi yenyewe haitengenezi sauti. Ni njia panda. Kazi yake ni kuamua umeme wa pikapu ipi upite na wa ipi ubaki. Ukilielewa hilo, nusu ya hofu ya kufungua gitaa inaisha, kwa sababu ndani yake hakuna uchawi, kuna chuma kinachogusa chuma.

Nafasi tatu, kisha tano

Magitaa mengi tunayoyaona kwenye makanisa na bendi zetu ni nakala za magitaa mawili ya Marekani. La kwanza ni Stratocaster la kampuni ya Fender, lililotoka mwaka 1954 likiwa na pikapu tatu na swichi ya kijiti. La pili ni Les Paul la Gibson, lililotoka mwaka 1952 likiwa na pikapu mbili na swichi fupi ya kusimama. Ukijua gitaa lako limefuata lipi kati ya hayo, umejua pa kuanzia.

Stratocaster la mwanzo lilikuwa na nafasi tatu tu kwenye swichi: daraja, kati, shingo. Pikapu moja kwa wakati mmoja. Lakini wapigaji waligundua kwamba wakikiegemeza kijiti katikati ya nafasi mbili, bila kukiacha kiingie kwenye nafasi yake, pikapu mbili zinalia pamoja na kutoa sauti laini yenye uwazi ambayo hakuna pikapu moja inayoweza kuitoa. Shida ni kwamba kijiti hakikukaa hapo. Ukipiga kwa nguvu, kinateleza. Fender walichukua zaidi ya miaka 20 kuwasikia wateja wao, na mwaka 1977 wakaanza kufunga swichi ya nafasi tano. Ndiyo iliyomo kwenye nakala nyingi za leo. Ya kwanza ni daraja peke yake, ya pili daraja na kati, ya tatu kati peke yake, ya nne kati na shingo, ya tano shingo peke yake. Kwetu studio, rizimu ya kwaya ikipigwa kwenye nafasi ya nne ndiyo inayokaa vizuri chini ya sauti za waimbaji, ila hilo ni suala la sikio la mtu.

Pima kabla hujafungua

Watu wengi huanza na bisibisi. Sisi tunashauri uanze na mita, ile mita ya kawaida ya fundi redio. Chomeka waya wa gitaa kwenye jeki kama unavyofanya siku zote, lakini upande wa pili usiuchomeke kwenye amplifaya. Fungua voliumu ya gitaa mpaka mwisho. Weka mita kwenye kipimo cha ukinzani cha 20K, kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye ncha ya plagi na nyingine kwenye mwili wa plagi. Sasa sogeza kijiti cha swichi nafasi moja moja, usome namba.

Pikapu ya kawaida ya koili moja husoma kati ya 5K na 7K hivi. Ile pana ya koili mbili mara nyingi husoma 7K hadi 9K, na ya upande wa daraja inaweza kuzidi hapo. Tuseme gitaa lako linasoma 6K kwenye nafasi ya kwanza. Ukienda nafasi ya pili, ambapo pikapu mbili zinafanya kazi bega kwa bega, namba inatakiwa ishuke karibu nusu, kama 3K, kwa sababu umeme umepata njia mbili za kupita. Nafasi ya tatu irudi juu, ya nne ishuke tena, ya tano ipande.

Ikiwa nafasi ya nne inasoma 6K badala ya kushuka, pikapu moja kati ya hizo mbili haijafika kwenye swichi. Ikiwa mita haionyeshi namba yoyote, ipandishe kwenye kipimo kikubwa zaidi. Ukiona kitu kama 250K au 500K, hiyo ni voliumu peke yake inajisoma, maana yake hakuna pikapu iliyofika kabisa katika nafasi hiyo. Ikiwa ni sifuri wakati voliumu imefunguliwa yote, kuna waya wa sauti unaogusa ethi mahali fulani. Na kama haisomi chochote hata kwenye kipimo kikubwa kuliko vyote, shuku kwanza waya wa gitaa na tundu la jeki kabla ya kuilaumu swichi. Gitaa la mwalimu wetu lilisoma sifuri nafasi zote tano, kwa hiyo kabla hatujafungua skrubu hata moja tulijua kwamba waya wa ethi umeungwa mahali pa sauti.

Ukimaliza kupima umejua ugonjwa upo upande gani, na hujalipa mtu.

Kabla ya kulehemu, safisha

Swichi inayokwaruza au kukata sauti mara kwa mara haijafa. Mara nyingi ni chafu. Vumbi la barabara, jasho la mpigaji na hewa ya chumvi kwa ndugu zetu wa pwani huweka utando juu ya vile vyuma vidogo vinavyogusana. Tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi na voliumu, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya redio. Puliza kidogo pale vyuma vinapogusana, kisha sogeza kijiti huku na huku mara 20 au 30. Ukikosa dawa hiyo, spiriti ya kusafishia vidonda kwenye kipande kidogo cha kitambaa inasaidia, mradi uiache ikauke kabisa. Usitie mafuta ya cherehani wala ya kupikia. Siku ya kwanza utafurahi, baada ya mwezi vumbi lote la jukwaani litakuwa limenasa humo.

Ukisafisha na mita ikaonyesha namba zinazotakiwa, funga gitaa lako, kazi imekwisha.

Simu yako ndiyo daftari

Kama lazima uguse nyaya, legeza nyuzi, fungua skrubu za bamba la plastiki lililo mbele (kwenye gitaa la aina ya Stratocaster huwa kama 11) na uligeuze taratibu, kwa sababu nyaya za jeki na ya ethi bado zimelishika. Hapo toa simu, washa tochi, piga picha. Piga moja ya mbali inayoonyesha kila kitu, kisha za karibu kwenye swichi kutoka pande zote, kisha kila voliumu. Angalia picha kabla ya kuendelea kama hazijatia ukungu. Baada ya hapo bandika kipande cha utepe kwenye kila waya na uandike: D kwa daraja, K kwa kati, S kwa shingo.

Fundi wa sokoni aliyeshindwa na gitaa la mwalimu alikuwa na simu nzuri kuliko zetu. Hakukumbuka tu kuitumia.

Usitegemee rangi za nyaya. Kwenye magitaa mengi ya aina hii nyeupe ni ya sauti na nyeusi ni ya ethi, lakini viwanda havikukubaliana, na kwenye pikapu za koili mbili zenye nyaya nne kila kiwanda kina mpango wake. Ukikuta kwenye pikapu za namna hiyo nyaya mbili zimeungwa pamoja na kufungwa utepe bila kwenda popote, ziache zilivyo. Hapo ndipo koili mbili zimeshikana mikono, na ukizitenganisha pikapu itanyamaza.

Miguu minane ya swichi ya kijiti

Sasa tufike kwenye swichi yenyewe. Swichi ya kawaida ya nafasi tano ina miguu minane. Iione kama swichi mbili pacha zinazosukumwa na kijiti kimoja. Kila pacha ana miguu minne: mitatu ya kupokea, na mmoja wa pamoja. Mguu wa pamoja ndio stendi kuu, na ile mitatu ni vituo. Kijiti kinapokwenda nafasi ya kwanza, ya tatu au ya tano, mguu wa pamoja unashikana na kituo kimoja. Kinapokwenda nafasi ya pili au ya nne, unashikana na vituo viwili kwa mpigo.

Kwenye swichi za wazi, ambazo unaona vyuma vyake, pacha wamekaa pande mbili, miguu minne kila upande. Kwenye zile za boksi la plastiki, ambazo ndizo nyingi kwenye magitaa ya bei nafuu, miguu yote minane imepangwa mstari mmoja, na mpangilio hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Ndiyo maana mchoro uliotumiwa na rafiki kwa simu unaweza kukupoteza hata kama ni sahihi kwa gitaa lake.

Njia ya uhakika ni mita tena. Swichi ikiwa haina waya hata mmoja, weka mita kwenye kipimo kinacholia pii nyaya zikigusana. Weka kijiti nafasi ya kwanza, gusa mguu mmoja na ncha ya mita, na kwa ncha nyingine pitia miguu mingine mmoja mmoja. Andika ni ipi iliyolia. Fanya hivyo nafasi ya tatu na ya tano. Mguu unaojitokeza katika nafasi zote tatu ndio wa pamoja, na ule ulioshikana nao katika nafasi ya kwanza ndio kituo cha daraja, wa nafasi ya tatu ni wa kati, wa nafasi ya tano ni wa shingo. Utapata miguu ya pamoja miwili, mmoja kwa kila pacha. Usiamini macho hapa. Kwenye swichi nyingi kijiti kikiegemea upande huu, chuma cha ndani kinaegemea upande ule, na wengi wameunga gitaa kinyumenyume kwa sababu hiyo.

Kuunga kwa mtindo wa kawaida

Mtindo tunaoueleza hapa ni ule wa Stratocaster la kawaida lenye voliumu moja na toni mbili. Tumeuchagua kwa sababu vipuri vyake ndivyo vinavyopatikana.

Chukua pacha wa kwanza. Waya wa sauti wa pikapu ya daraja nenda kwenye kituo cha daraja, wa kati kwenye kituo cha kati, wa shingo kwenye kituo cha shingo. Nyaya za ethi za pikapu zote tatu haziji kwenye swichi kabisa. Zinakwenda kulehemiwa mgongoni mwa voliumu, kwenye bati lake.

Kisha unganisha miguu miwili ya pamoja kwa kipande kifupi cha waya, na kutoka hapo vuta waya mmoja kwenda kwenye voliumu. Voliumu ina miguu mitatu. Ukiigeuza mgongo uwe juu na miguu ikuelekee wewe, mguu wa kulia kabisa au wa kushoto kabisa utakuwa umekunjwa na kulehemiwa kwenye bati la mgongo, huo ni wa ethi. Waya kutoka kwenye swichi unaingia mguu wa pembeni uliobaki. Mguu wa katikati ndio unaotoka kwenda ncha ya jeki. Ukibadilisha huo wa ethi na ule wa kuingilia, gitaa litalia, lakini voliumu itafanya kazi kinyume: ukifungua inapungua.

Pacha wa pili ni kwa ajili ya toni. Kituo chake cha shingo kinapeleka waya kwenye toni ya kwanza, kituo cha kati kwenye toni ya pili, na kituo cha daraja mtindo wa zamani unakiacha kitupu. Ndiyo sababu wapigaji wengi hulalamika kwamba toni "haifanyi kazi" wakiwa nafasi ya kwanza. Inafanya kazi, ila haijaungwa na pikapu hiyo. Ukitaka iwe nayo, kipande kifupi cha waya kutoka kituo cha kati hadi kituo cha daraja kwenye pacha huyo wa pili kinatosha.

Jeki ina njia mbili: ulimi mrefu unaogusa ncha ya plagi ni wa sauti, bati la mviringo ni la ethi. Ukiona gitaa linanguruma zaidi pale unapogusa nyuzi, badala ya kutulia, anza kuangalia kama hizo mbili hazijabadilishwa. Hilo ndilo lililokuwa kosa mojawapo kwenye gitaa la mwalimu. La pili ni kwamba waya wa ethi wa pikapu ya kati ulikuwa umepanda kwenye mguu wa pamoja wa swichi, ukawa unamwaga sauti ya pikapu zote ardhini.

Kuhusu kulehemu kwenyewe tuseme machache, maana mafundi redio wanalijua. Pasi ya umeme ya wati 30 au 40 inatosha. Ile inayopashwa kwenye mkaa huwa na joto kupita kiasi kwa miguu midogo namna hii, na swichi ya boksi ikiyeyuka ndani haina tiba. Gusa mguu na waya kwa pamoja sekunde mbili au tatu, weka risasi, ondoa, usitikise mpaka ipoe. Tumia risasi ya waya yenye dawa ndani yake. Tindikali ya mafundi bati iache kwa mafundi bati, kwani itaendelea kula shaba miezi baada ya wewe kumaliza. Na tandika kitambaa juu ya gitaa, tone moja la risasi likianguka kwenye rangi halifutiki.

Swichi ya kusimama

Kwa wenye gitaa la aina ya Les Paul kazi ni fupi zaidi. Swichi ile ina nafasi tatu: juu shingo, chini daraja, katikati zote mbili. Miguu miwili ya nje inapokea sauti za pikapu, na miwili ya ndani inaunganishwa pamoja na kwenda kwenye jeki. Fremu yake ni ethi. Nyaya zake mara nyingi zina ganda la nyuzi za shaba kwa nje, ambalo nalo ni ethi, na uzi mmoja wa ganda hilo ukigusa mguu wa sauti, nafasi hiyo inakufa. Angalia hapo kwanza.

Tofauti kubwa ni kwamba hapa kila pikapu inapita kwenye voliumu yake kabla ya kufika kwenye swichi. Hivyo swichi ikiwa katikati, ukifunga voliumu moja mpaka sifuri, gitaa lote linanyamaza, kwa sababu voliumu iliyofungwa inapeleka sauti ya zote mbili kwenye ethi. Tumeletewa magitaa mazima kabisa kwa malalamiko haya. Anayetaka voliumu zisiingiliane anaweza kubadilishana nyaya kwenye kila voliumu, ule wa pikapu uende mguu wa katikati na ule wa swichi uende wa pembeni. Ukali wa sauti hupungua kidogo unapoishusha voliumu. Sisi tungeacha kama kiwanda kilivyounga.

Sauti ikiwa nyembamba kama ya redio ndogo

Kuna kosa moja ambalo mita haitakuonyesha kwa ukinzani. Kila pikapu peke yake inalia vizuri, lakini mbili zikiungana sauti inakonda, besi inapotea, inakuwa kama redio ya betri zilizochoka. Maana yake pikapu moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Zinafutana.

Kujua ni ipi, tumia mita ya mshale, kwenye kipimo kidogo kabisa cha volti za betri. Unga ncha za mita kwenye nyaya mbili za pikapu, ya sauti upande mmoja na ya ethi upande mwingine, kisha gusisha bisibisi kwenye sumaku za pikapu na uitazame sindano inaruka upande gani. Zote tatu zinatakiwa ziruke upande mmoja. Ile inayokwenda kinyume, badilisha nyaya zake mbili. Isipokuwa kama ina kava la chuma lililoungwa na waya wa ethi. Hiyo ukibadilisha, kava linakuwa sehemu ya sauti na litanguruma kila ukiligusa, kwa hiyo badilisha pikapu nyingine ifuate hiyo.

Hapa watu wengi huchanganya. Sauti laini ya nafasi ya pili na ya nne haitokani na pikapu kupingana. Zinakubaliana kabisa. Tena kwenye magitaa mengi pikapu ya kati imesokotwa kinyume na sumaku yake ikageuzwa, vyote viwili pamoja, ili sauti ibaki sawa lakini mngurumo wa umeme wa nyumbani ufutike kwenye nafasi hizo mbili. Ukiona gitaa lako linatulia ukifika nafasi ya pili au ya nne, halina ubovu. Na ukisikia tr-tr-tr-tr isiyohusiana na swichi, toa simu mfukoni.

Ethi ya daraja usiikate

Ndani ya gitaa hakuna umeme wa kuua. Hatari iko upande wa pili wa waya, kwenye amplifaya. Kuna waya mmoja unaotoka mgongoni mwa voliumu kwenda kwenye daraja au kwenye bati la springi nyuma ya gitaa, ukiziunganisha nyuzi na ethi. Baadhi ya wapigaji wanaopigwa shoti jukwaani huukata wakidhani ndio adui. Shoti ile inatoka kwenye amplifaya au mashine ya kipaza sauti isiyo na ethi, kwenye ekstensheni ya pini mbili, au kwenye jenereta lililofungwa kiholela. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows la Uskoti, alifariki jukwaani mjini Swansea mwezi Mei 1972 aliposhika kipaza sauti kisicho na ethi akiwa na gitaa mkononi. Kwa hiyo ukihisi hata mtekenyo mdogo midomo ikigusa kipaza sauti, weka gitaa chini, zima mitambo, mwite fundi umeme aangalie ethi ya vyombo vyote viwili kabla ya wimbo unaofuata. Mikutano ya nje msimu wa mvua, mkiwa mmesimama kwenye majani mabichi, ndiyo ya kuangalia zaidi.

Na kabla ya kufungua gitaa kwa sababu yoyote ile, chomoa waya wake kwenye amplifaya.

Ukilazimika kununua swichi mpya

Usiende dukani mikono mitupu. Beba swichi ya zamani, au picha yake ikiwa na rula pembeni. Linganisha vitu vitatu: idadi ya nafasi, umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, na kina. Swichi ya wazi huwa ndefu kwenda chini kuliko ya boksi, na kwenye magitaa mengi ya bei nafuu shimo lililochongwa kwenye ubao halina kina cha kuipokea. Angalia pia kama kofia ya plastiki ya kijiti inaingia, maana unene wa kijiti hutofautiana. Ukiwa bado kaunta, sogeza kijiti nafasi zote. Kila moja iingie kwa mlio wa "tk" unaosikika na kijiti kikae bila kurudi.

Kwaya ilifika Jumatatu saa nne asubuhi. Waliporekodi, mpiga gitaa wao alikaa nafasi ya nne nyimbo zote sita, na kwenye wa saba akasogeza kijiti upande wa daraja kwa ajili ya solo. Mwalimu aligeuka kututazama kupitia kioo cha studio.

Wenye gitaa lenye tatizo ambalo hatujaligusa hapa, tutumieni picha ya swichi na namba mlizozisoma kwenye mita kwa nafasi zote. Bila namba hizo tutakuwa tunakisia, kama yule wa sokoni.